Gemu ya kucheza na washkaji? Muangalie kwanza aliyekaa kwenye ndoo

Mwezi huu mmenishangaza. Nilishazoea kuulizwa mambo ya mahari na wapangaji wasiotaka kuchangia luku, safari hii barua kibao ni za gemu tu, naona likizo imeingia na mvua zimewafungia watu ndani. Nimechagua tano, nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

Tuko sita, pedi mbili, na mmoja kasusa

*Mwakeye kaka. Sisi ni masela sita wa Mwanga hapa Kigoma, kila jumamosi jioni tunakutana chumba cha nyuma ya duka la mjomba wa mmoja wetu, kuna mashine ya gemu ya PS3, flati ya inchi 32 na pedi mbili za kuchezea. Tunacheza gemu ya mpira ya FIFA 19 tu. Anayeshinda anabaki, sasa kuna wawili ndo wanajua kwahiyo hao wanapokezana viti mpaka tunafunga, sisi wengine tunaingia tunapigwa tunatoka. Juzi kati mmoja wetu alikula saba bila, akaweka pedi chini taratibu akavaa ndala akaondoka, hajarudi mpaka leo, simu anapokea ila anasema kazi zimembana. Tumechanga buku kumi kumi, tuna elfu 60. Wengine wanataka tununue FC 25 maana itakuwa mpya kwa wote tutaanza sawa, wengine wanasema tuuze PS3 tuongezee hela. Tushauri kaka. Masela wa Mwanga.*

Mwakeye wadogo zangu. Hiyo FC 25 niimalize haraka, PS3 haiichezi. FIFA 19 iliyotoka Septemba 2018 ndo ya mwisho kutengenezwa kwa PS3, na hata hiyo ya PS3 walibadilisha jezi na usajili tu, uchezaji wenyewe ni wa nyuma. Jina la FIFA nalo liliishia FIFA 23, kampuni ya EA inayoitengeneza na FIFA wenyewe wa shirikisho la soka wakaachana, 2023 ikaja EA Sports FC 24, na tangu hapo hakuna hata moja iliyotolewa kwa PS3. Mtu akikwambia anayo FC 25 ya PS3 ujue ni hiyohiyo FIFA mliyonayo, fundi kaipandishia majina na jezi za msimu mpya. Na msicheke, mimi mwenyewe nimeliwa. Nikiwa Isevya kule Tabora nilibana hela ya kuchotea watu maji karibu mwezi mzima, nikanunua CD ya PS2 ina kava la msimu mpya linang'aa kabisa, kuiweka naona timu zimejaa wachezaji walioshastaafu. Kurudi kwa muuzaji ananiambia "si mpira ni mpira tu".

Alafu hili la kuanza sawa, hamtaanza sawa. Anayejua kukaba na kutoa pasi ya kupenyeza kwenye FIFA 19 atahama na ujuzi wake wote, nawapa jumamosi mbili mtarudi palepale.

Sasa tukae kwenye tatizo lenyewe, maana kwenye barua yenu nzima mtu niliyemfikiria ni yule aliyekaa kwenye ndoo. Kila chumba cha gemu kina ndoo ya rangi iliyogeuzwa, ndo kiti cha asiye na pedi. Nilivyokuwa mdogo niliikalia sana hiyo ndoo mpaka nikawa naijua ufa wake ulipo. Fanyeni hesabu, mko sita, mechi moja ya vipindi viwili vya dakika 6, ongeza marudio ya magoli na yule anayebadilisha kikosi kwa dakika tatu nzima, hapo ni robo saa. Ukifungwa unaenda nyuma ya foleni, mbele yako kuna wanne, kwahiyo unasubiri mechi nne, yaani SAA NZIMA, alafu unaingia kwa mtu ambaye mkono umeshachemka, unapigwa, unarudi kwenye ndoo saa nyingine. Ukija saa 11 mpaka saa 3 usiku umecheza mechi tatu au nne hivi na zote umefungwa. Huyo jamaa yenu hajasusa kwa sababu ya saba bila, watu wanafungwa saba wanacheka, kasusa kwa sababu baada ya zile saba alikuwa anaiona ndoo inamsubiri.

Kwahiyo ushauri wangu, gemu msinunue kwanza, nunueni pedi mbili. PS3 inapokea mpaka pedi saba bila waya, nyie mnatumia mbili kana kwamba ndo mwisho wake. Mkiwa na nne mnacheza wawili kwa wawili kwenye FIFA hiyohiyo, pale kabla mechi haijaanza kwenye kuchagua upande kila mtu anasogeza kialama cha pedi yake kushoto au kulia, basi. Na sheria iwe moja tu, wale wataalam wawili MARUFUKU kuwa upande mmoja. Mkali na mchanga, mkali na mchanga. Anayejua anajikuta anamfundisha mwenzake kwa kelele, "toa, toa, usikimbie nao, TOA!", na mchanga akifunga hata la kusindikizia anashangilia mpaka dukani mbele wanauliza kulikoni. Foleni nayo inakuwa fupi, wanaosubiri ni wawili tu, wakifungwa hawa wanaingia wale, ndoo unaikalia mechi moja. Shusheni na dakika, kila kipindi 4.

Siku mkichoka kabisa kugombana wekeni pedi zote nne upande mmoja mpigane na kompyuta iliyowekwa kwenye ugumu wa juu. Hii wengi wanaidharau ila mimi naipenda kuliko zote, hakuna wa kumnunia.

Kwenye kununua pedi kuweni makini, feki ni nyingi na ukiangalia kwa nje hujui. Ombeni waichomeke palepale dukani, ingia mechi, alafu iweke mezani usiiguse. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe polepole kuelekea pembeni, hicho kijiti kimeshakufa, rudisha. Bonyeza na vile vitufe viwili vya juu nyuma kulia na kushoto, vya pedi mbovu huwa vinabonyea kama uji.

Ikibaki hela, basi tafuteni gemu ya ngumi. Tekken 6 ipo kwenye PS3, na Tekken Tag Tournament 2 ya 2012 hiyo ina sehemu ya kucheza watu wanne kwa pamoja, wawili wawili. Uzuri wa ngumi ni kwamba pambano ni dakika mbili tatu tu limeisha, ukikaa kwenye ndoo hata makalio hayajapata moto zamu yako imefika. Na ngumi zina huruma kwa asiyejua, mpeni yule mliyemfunga saba achukue Eddy Gordo, yule Mbrazili anayepigana kwa kucheza capoeira, miguu juu kichwa chini, ukimbonyeza vitufe hovyo tu anarusha mateke yasiyoeleweka. Nimeona watu wenye miaka kumi kwenye Tekken wanapigwa na shangazi aliyeingia kuulizia chenji, kashika Eddy anabonyeza kama anatwanga kisamvu.

Nyingine ni Rayman Legends ya 2013, kwa picha ni kama katuni za watoto na najua mtaikunjia sura, ila ndani ina kamchezo kanaitwa Kung Foot, mpira wa kupigana makofi na mateke, mnaingia wanne. Hapo mtaalam wa FIFA hana chake.

PS3 msiuze. Na huyo mwenzenu msimpigie tena simu, mfuateni kwao na pedi mpya mkononi, mwambieni achague yeye ya kuanzia.

Wanne, mikoa tofauti, bando la wiki

*Habari kaka. Mimi ni binti wa Ujiji, tumemaliza form six tukiwa marafiki wanne, sasa mmoja yuko Kasulu, mmoja Tabora, mmoja Dodoma na mimi nyumbani. Kwenye kundi letu tunaishia kutumiana stika tu, tukasema tutafute gemu ya kucheza pamoja. Tulijaribu Free Fire, ile gemu ya bunduki, simu yangu ikawa inaganda na bando la wiki liliisha siku ya pili, mwenzetu wa Dodoma ana simu nzuri anatucheka. Kuna gemu ya watu kama sisi? Wa Ujiji.*

Ipo mdogo wangu, na kosa lenu ni lile la watu wote, mmechagua gemu kwa kuangalia simu ya mwenye simu nzuri. Chagueni kwa simu mbovu kuliko zote kati ya nne, huyo ndo anaamua.

Bando lako sidhani kama liliisha kwa kucheza. Kucheza kwenyewe hakuli sana, kinachokula ni kudaunlodi gemu na zile apdeti zake, unafungua tu linakwambia subiri ongezeko jipya, ramani mpya, mavazi mapya, na simu imeachiwa ruhusa ya kujiapdeti yenyewe usiku umelala. Nenda kwenye mipangilio ya simu uzime hiyo kitu, iapdeti ukiwa kwenye waifai ya mtu tu.

Kwa wanne mlio mbali anzeni na Ludo King. Ni ludo ileile ya kwenye kibao, nyepesi, mmoja anafungua chumba anapata namba anaituma kwenye kundi, wengine wanaingia. Haina mbabe, mwenye simu ya laki saba na mwenye simu ya elfu 80 wote wanasubiri sita, na kete yako ikirudishwa nyumbani imebaki hatua mbili utapiga kelele mama akuulize una nini. Ubaya wake ni matangazo ya video, nayo yanakula bando kimyakimya.

Ila nahisi shida yenu kubwa ni muda, huyu yuko kazini huyu yuko darasani huyu anamsaidia mama sokoni, kuwakusanya wanne saa moja ni shughuli. Kama mnajua chesi hata kidogo tu ingieni Lichess, ni bure kabisa na haina tangazo hata moja, unaweza kucheza mechi ya siku nyingi, kila mtu anapewa siku kadhaa za kufikiria hatua moja. Unasogeza farasi wako asubuhi ukienda kununua migebuka, wa Dodoma anakujibu usiku. Bando halistuki. Mechi moja inaweza kwenda mwezi, na katikati mtakuwa mnatukanana vizuri kwenye kundi badala ya stika.

Kwenye treni bila mtandao

*Kaka mambo. Tunasafiri wanne kwa treni Kigoma kwenda Tabora harusini, tunataka gemu ya simu ya kucheza wote njiani, ila mtandao njiani ni wa kubahatisha. Wapo wanaosema Among Us. Wa Katubuka.*

Mna zaidi ya kilometa 400 na usiku ndani yake kwahiyo swali lako ni la msingi. Dawa ni hotspoti, sio bando. Mmoja anazima data KWANZA, anawasha hotspoti, wengine watatu wanaunga kama waifai, hapo simu zenu zinaongea zenyewe kwa zenyewe bila kutumia hata MB moja, hata mkiwa katikati ya pori baada ya Uvinza. Gemu lazima liwe na sehemu ya kucheza kwa waifai ya karibu, sio yote yanayo.

Among Us inayo, nakubali, na ni tamu kweli, unamsingizia mwenzako mauaji huku mnatazamana usoni. Lakini inataka watu, inaanza na wanne na kwenda mpaka 15, na mkiwa wanne tu inaisha kabla haijanoga. Muuaji akimuua mmoja mnabaki watatu, mkikosea mkampigia kura asiye muuaji mmebaki wawili, kashinda. Labda muwachangamkie abiria wa siti za jirani, mkifika saba nane hapo sawa.

Kwa wanne mimi nawapa BombSquad. Vijitu vidogo vinarushiana mabomu, kuna kuteka bendera, kuna hoki, mnaingia mpaka nane, na kila duru ni fupi, kwahiyo treni ikisimama Kaliua mtu akashuka kununua mahindi hajaharibu kitu. Mimi na binamu zangu tulicheza hii njia hiyohiyo mpaka mama mmoja wa siti ya mbele akageuka akasema na yeye anataka kumlipua yule mwenye kelele, akapewa simu, akamlipua kweli, akaturudishia simu akalala.

Angalizo mawili tu. Kila mtu afungue gemu lake mara moja akiwa na mtandao kabla hamjatoka Kigoma, maana mengine mara ya kwanza yanataka kujisajili na ukigundua hilo Malagarasi ndo basi tena. La pili simu inayotoa hotspoti inaisha chaji mapema, pokezaneni. Na bebeni karata, usinifiche, chaji zitaisha.

Mtoto wa miaka tisa na gemu ya kuchinjana

*Mwanangu, mimi ni mama wa Gungu. Mtoto wangu ana miaka tisa, anaenda kwa jirani kucheza gemu na wenzake. Juzi nimechungulia dirishani nikaona mtu kwenye TV anang'olewa uti wa mgongo na watoto wanashangilia. Kumuuliza jirani ananiambia ni mchezo tu. Nimkataze asiende?*

Shikamoo mama. Hiyo naijua bila kuiona, ni Mortal Kombat, na umeona vizuri. Sio wewe wa kwanza kushtuka, Marekani mwaka 1993 maseneta waliikalia kikao hiyohiyo pamoja na nyingine, na mwaka uliofuata kampuni za gemu zenyewe zikaanzisha utaratibu wa kuandika umri kwenye gemu. Ulaya nao wana wao, ndo zile namba kwenye kona ya kava, 3, 7, 12, 16 na 18. Huku kwetu watu wengi wanadhani ile namba ni ugumu wa gemu, kwamba 18 ni la wajanja. Hapana mama, ni umri. Mortal Kombat ni 18, FIFA ni 3. Shida ni kwamba CD nyingi za mtaani hazina kava, zimeandikwa kwa kalamu tu au zimejazwa kwenye flashi, kwahiyo namba huioni.

Kumkataza asiende sikushauri, wenzake wako kule. Nenda wewe na bakuli la mihogo, kaa nao dakika kumi, hakuna mtoto atakayeng'oa mtu uti wa mgongo mbele ya mama wa mwenzake. Alafu ongea na jirani taratibu, usiseme watoto wako wanaharibu wangu, sema tuwatafutie la magari. Kama ni PS2, ile inasoma na CD za PlayStation ya kwanza, waulizie Crash Team Racing ya 1999, magari madogo na wanyama wanarushiana vitu njiani, inagawa skrini wawili wanakimbizana pamoja. Kelele zitakuwa zilezile mama, hilo sikudanganyi.

Umeme umekatika 2-1

*Kaka tunacheza kwa jero, umeme ukakatika mimi naongoza 2-1, mwenzangu anasema mechi imefutwa anataka jero lake. Nani ana haki? Wa Kibirizi.*

Isevya tulikuwa na sheria, kabla ya dakika ya 70 mechi inafutwa, baada ya hapo matokeo yanasimama. Hujasema ilikuwa ya ngapi, na kutokusema kwako kumenipa wasiwasi. Lile jero nunueni mihogo mle wote. Na umeme ukirudi nyie wote wawili mnapisha, zamu ni ya aliyekuwa kwenye ndoo.